Ndui ya Nyani: Tumefika Wapi, na Tufanye Nini Sasa?

Mazungumzo kwa wazazi, kwa wanafunzi wa uuguzi, na kwa wajumbe wa afya wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli



Kabla ya kusoma mbele, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Kama mama yako yuko karibu, ao baba, ao mzee mwingine aliyezaliwa mbele ya mwaka 1970, umwombe akuonyeshe mkono wake, juu, karibu na bega. Utazame vizuri. Wengi wao wana kovu la mviringo, limeingia ndani kidogo, na ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Usilichanganye na kovu dogo la BCG ambalo watoto wetu wanalo, maana BCG inakinga kifua kikuu, haikingi ndui.

Mama yangu ana kovu la ndui. Mimi sina. Mimi niko na miaka zaidi ya 40, na nilizaliwa wakati chanjo ile ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Watoto wangu hawana, na wanafunzi wangu wote wa shule ya uuguzi hawana. Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye kovu hilo.

1. UGONJWA HUU ULIANZA KUJULIKANA NAMNA GANI?

Watu wengi wa Kindu wanasema: "Ugonjwa huu ni mupya, umeletwa juzi." Hapana. Ulijulikana kwetu Kongo zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mwaka 1970, mwezi wa Agosti, mtoto wa kiume wa miezi 9 aligonjwa kule Basankusu, katika Jimbo la Equateur. Alikuwa na moto mwilini, kisha vipele vikatoka. Waganga walifikiri ni ndui, ile kubwa iliyoua wazee wetu. Lakini walipopeleka maji ya vipele kupimwa, waliona virusi vingine, ndugu ya virusi vya ndui. Virusi hivi vilikuwa vimeonekana mwaka 1958 katika nyani waliofungwa kwa ajili ya uchunguzi kule Danemark, ndiyo sababu ugonjwa ukaitwa ndui ya nyani. Siku hizi jina lake katika vitabu vya afya ni mpoksi.

Nakuomba ukumbuke mambo mawili juu ya mtoto yule wa Basankusu. La kwanza: katika nyumba yao, wengine walikuwa wamepata chanjo ya ndui, yeye peke yake alikuwa hajapata. Wengine hawakugonjwa. La pili ni la huzuni. Mtoto alipona ndui ya nyani, lakini akiwa bado hospitalini alishikwa na surua, na surua ndiyo iliyomwua. Nitarudi kwa jambo hilo la surua mbele kidogo.

Jina la nyani linadanganya. Nyani anashikwa na ugonjwa sawa na sisi, lakini inaonekana makao ya virusi ni katika wanyama wadogo wa pori, kama vile kindi na panya wakubwa wa msitu. Mwaka 1985, hapa nchini kwetu, virusi hivyo vilipatikana katika kindi mmoja aliyekuwa mgonjwa. Kwa hiyo mtoto anayechezea kindi aliyeokotwa njiani yuko katika hatari, hata kama hajaona nyani tangu azaliwe.

2. KWA NINI UGONJWA ULIONGEZEKA?

Katika nchi yetu mgonjwa wa mwisho wa ndui kubwa alionekana mwaka 1971. Mwaka 1980 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani pote. Lilikuwa jambo kubwa la kushangilia. Ndui ilipokwisha, chanjo yake pia ilisimamishwa, kwa sababu hakuna mtu anayebeba mwamvuli wakati mvua imekwisha.

Lakini mwamvuli ule ulikuwa unatukinga na mvua mbili. Uchunguzi uliofanywa hapa nchini katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chanjo ya ndui ilikinga watu karibu 85 kwa 100 wasishikwe na ndui ya nyani. Basi kila mwaka wazee wenye kovu wakapunguka, na watoto wasio na kovu wakaongezeka. Leo karibu kila mtoto unayemwona akioga kando ya Lualaba hana kinga.

Hesabu zilipanda pole pole, halafu zikapanda mbio. Katika mwaka 1 wa 2023, nchi yetu iliandika wagonjwa 14,626 waliodhaniwa kuwa na ndui ya nyani, na 654 kati yao walikufa. Katika mwaka 2024 waliokufa walipita 1,000. Wengi wao walikuwa watoto chini ya miaka 15.

Tena, mwezi wa Septemba 2023, kule Kamituga, katika Kivu Kusini, mji wa wachimba zahabu, ilianza kuonekana aina nyingine ya virusi hivyo. Aina hii inapita zaidi kati ya mtu na mtu, kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na hata katika tendo la ndoa. Ilifika Bukavu, ikafika Goma, ikavuka mipaka. Ndipo, tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya la Dunia lilipiga kengele ya hatari kwa mataifa yote.

3. KENGELE IMENYAMAZA. JE, UGONJWA UMEKWISHA?

Tarehe 5 Septemba 2025 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba hatari ile ya mataifa yote imeondolewa. Wagonjwa na vifo vilikuwa vimepunguka katika nchi zilizopigwa sana, pamoja na yetu, na waganga walikuwa wamejua vizuri zaidi namna ugonjwa unavyotembea.

Siku chache baadaye nilisikia mtu mmoja sokoni akisema: "Mpoksi imekwisha, redio imesema." Redio haikusema hivyo. Ukizima moto wa nyumba, unaweza kunyamazisha kengele na kurudisha ndoo kwa majirani. Lakini usiku ule hulali mara moja, maana kuna makaa chini ya majivu. Ndui ya nyani iko na makaa yake katika msitu, na msitu ni huu wetu, toka Punia na Lubutu mpaka Kibombo na Kailo.

Basi tufurahi, maana kuna sababu ya kufurahi, na huku tukitazama majivu. Sasa nikuonyeshe sababu ya furaha yangu. Haitoki mbali.

4. HABARI NJEMA KUTOKA TUNDA

Wewe unayejua njia ya treni ya kwenda Kibombo, unajua kwamba ukiacha njia hiyo na kuelekea magharibi, kwa pikipiki ao kwa kinga, unafika Tunda. Si mahali ambapo wakubwa wa dunia wanatembelea. Lakini toka Oktoba 2022 mpaka Julai 2024, waganga wa dunia nzima walikuwa wanangojea habari toka hospitali ya Tunda, katika Maniema hii yetu, na toka hospitali ya Kole, kwa jirani zetu wa Sankuru.

Kulikuwa na dawa ya vidonge iitwayo tekovirimati. Wengi walitumaini kwamba inaponyesha ndui ya nyani. Ili kujua kweli, wagonjwa 597 walikubali kuingia katika uchunguzi. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua nani amepata nini mpaka mwisho. Kazi hiyo iliongozwa na taasisi yetu ya uchunguzi ya Kinshasa, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, pamoja na wenzao wa Marekani.

Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa haikusaidia vipele kupona upesi. Waliopewa dawa na wasiopewa walikuwa sawasawa. Wengi walivunjika moyo.

Lakini soma hesabu ya pili, wewe mwanafunzi wa uuguzi hasa. Kwa wakati ule, katika nchi yote, kwa kila wagonjwa 1,000, waliokufa walikuwa 36 ao zaidi. Katika uchunguzi ule wa Tunda na Kole, kwa kila wagonjwa 1,000, waliokufa walikuwa kama 17 tu. Tena hesabu hii inahusu wagonjwa wote, hata wale ambao hawakupewa dawa.

Ni nini kiliwaokoa? Wagonjwa walilazwa hospitalini siku 14 ao zaidi. Walipewa maji ya kutosha. Walipewa chakula. Vidonda vilivyoingia uchafu vilitunzwa. Magonjwa mengine yaliyowashika pamoja yalitibiwa. Ni kazi ya beseni, sabuni, kikombe na kijiko, na macho ya mwuguzi anayepita usiku na taa. Sisemi kwamba uuguzi peke yake unaeleza hesabu yote, maana mtu aliyefika hospitalini amekwisha kupata bahati moja ambayo wa kijijini hana. Lakini wenye uchunguzi wenyewe walisema wazi kwamba kulazwa na kutunzwa vizuri kunapunguza vifo. Jambo hilo tunaweza kulifanya hapa Kindu, hata siku ambayo ndege haikuleta dawa.

Sharti lake ni moja: mgonjwa afike mapema.

5. KOSA LANGU

Ninakuambia "mapema" kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kumchelewesha mgonjwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeombwa kusaidia katika kituo kimoja cha afya. Mama mmoja alifika jioni, amechoka, amebeba mtoto mgongoni na kushika mwingine mkono. Aliniambia: "Mama munganga, mutoto eko na moto tangu siku tatu, na leo vipele vimetoka." Nilimtazama mtoto usoni na kifuani. Nilikuwa na haraka, maana watu walikuwa wengi. Nikamwambia: "Mama, ni tetekuwanga tu, itapita." Nikampa kitu cha kupaka, akaenda zake.

Sikufungua viganja vya mtoto. Sikutazama nyayo. Sikugusa shingo.

Siku ya sita mama akarudi. Mtoto wa kwanza alikuwa amejaa vipele mpaka ndani ya kinywa, hawezi kumeza. Mdogo wake naye alikuwa ameanza moto, na baadaye kipele kimoja kilitoka ndani ya jicho lake. Tuliwatuma hospitalini usiku ule ule. Wote wawili waliishi. Lakini mdogo haoni vizuri kwa jicho lile mpaka leo. Mama yake alinisamehe kabla sijaomba, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angenitukana.

Kwa sababu hiyo, kila mwaka ninafundisha somo hili kwanza, na ninakufundisha na wewe:

Ndui ya nyani huanza na moto, maumivu ya kichwa na ya mgongo, na uchovu. Kisha, kwa siku 1 mpaka 3, vipele vinatoka. Lakini kwa aina ile ya Kamituga, vipele vinaweza kutoka kwanza, hasa sehemu za siri.

Matezi ya shingo, ya kwapa ao ya kinena yanavimba. Katika tetekuwanga kwa kawaida hayavimbi hivyo.

Vipele vinapenda uso, viganja vya mikono na nyayo za miguu. Tetekuwanga inapenda zaidi kifua na mgongo.

Vipele vya mahali pamoja vinakomaa pamoja: vyote vina maji, halafu vyote vina usaha, halafu vyote vinakauka. Katika tetekuwanga unaona vipya na vya zamani vimechanganyika.

Ukiwa na mashaka, usiseme "ni tetekuwanga tu." Fungua kiganja. Tazama wayo. Gusa shingo. Halafu umtume mgonjwa apimwe.

6. CHANJO IMEFIKA WAPI?

Chanjo za kwanza za ndui ya nyani kwa nchi yetu zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Zilikuwa kama 99,000, zimeletwa na nchi za Ulaya. Tarehe 5 Oktoba 2024 kazi ya kuchanja ilianzishwa Goma, na waganga na wauguzi walikuwa katika watu wa kwanza kutoa mkono.

Chanjo ile ya kwanza, iitwayo MVA-BN, inapigwa kwa sindano mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili kuna wiki 4. Mwanzoni ilikuwa ya watu wazima, baadaye Shirika la Afya la Dunia likakubali na vijana toka miaka 12. Kwa watoto wadogo kuna chanjo nyingine, LC16, iliyotengenezwa Japani. Serikali ya Japani iliahidi kuipa nchi yetu milioni 3. Shirika la Afya la Dunia liliikubali Novemba 2024, hata kwa watoto toka mwaka 1. Hiyo haipigwi kwa sindano ya kawaida. Inachomwa juu ya ngozi kwa sindano yenye meno mawili, mara moja tu, na mahali pale panatoka kidonda kidogo chenye gaga, karibu sawa na kovu la mama yangu.

Ugawaji ulianza na majimbo 6: Equateur, Ubangi Kusini, Sankuru, Tshopo, Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Ukitazama ramani, utaona kwamba 4 kati ya hayo ni jirani zetu wa mpakani. Maniema yetu haikuwa katika orodha ile ya kwanza. Najua jambo hilo liliwachoma watu wengi, hata mimi. Lakini chanjo zilikuwa chache, na mpango haukuwa wa kuchanja kila mtu. Mpango ulikuwa kuwachanja wale waliogusana na mgonjwa, na wale ambao kazi yao inawaweka karibu naye, ili kuzunguka ugonjwa kama vile watu wanavyozunguka moto wa pori. Na moto ukizuiwa Sankuru, Kibombo inapata nafasi ya kupumua.

Njia haikuwa laini. Januari 2025 vita ilipoingia Goma, wagonjwa wengi wa ndui ya nyani walikimbia mahali walipokuwa wametengwa, na kazi ya chanjo ikavurugika. Ndiyo sababu nasema tufurahi kwa kiasi. Kila hatua ya mbele tuliyofanya inaweza kurudishwa nyuma na vita, ao na uongo, ao na uchovu wetu wenyewe.

7. SOMO LA KORONA

Juu ya uongo na woga, tukumbuke Korona. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2021, tulipokea chanjo milioni 1.7. Kazi ya kuchanja ilianza tarehe 19 Aprili 2021. Watu hawakuja. Simu zilikuwa zimejaa maneno: eti ukichanjwa hutazaa, eti utakufa kwa miaka miwili. Chanjo zilikaribia kuharibika, na nchi yetu ikalazimika kutoa milioni 1.3 zigawiwe nchi nyingine za Afrika ambazo zingeweza kuzitumia.

Sikusimulii haya ili nikulaumu, maana mimi mwenyewe nilingoja miezi mingi kabla ya kuchanjwa. Niliogopa. Wanafunzi waliniuliza, "Mwalimu, na wewe ulichanjwa?" nikageuza maneno. Ningalisema tu, "Naogopa, tuende tuulize pamoja." Mtu akiogopa na akauliza, hajafanya kosa. Mbaya ni kuogopa na kunyamaza, halafu kuwaachia wengine waseme.

Chanjo ya ndui ya nyani ikikaribia mtaa wako, uliza. Na ukijibiwa, usikae na jibu peke yako.

8. MAULIZO AMBAYO WATU WANANIULIZA

"Mimi niko na kovu la ndui. Niko salama?"
Una kinga kupita mtoto wako, na hilo ni jambo jema. Lakini miaka mingi imepita na kinga inapunguka. Ukimwuguza mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni na fuata mashauri kama wengine.

"Chanjo hii inafanya mtu kuwa tasa?"
Hapana. Maneno hayo hayo yalisemwa juu ya chanjo ya polio na ya pepopunda, na wanawake waliochanjwa wanaendelea kuzaa. Unaweza kuona kliniki ya wajawazito siku yoyote.

"Wanatujaribisha sisi Waafrika?"
Chanjo ya MVA-BN ilitumiwa Ulaya na Marekani mwaka 2022, wakati ugonjwa ulipofika kule, kabla kazi ya kuchanja haijaanza kwetu. Waliochanjwa kwanza ni wao.

"Mama mwenye mimba anaweza kuchanjwa?"
LC16 haifai kwa mwenye mimba, wala kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepunguka sana. Kwa MVA-BN, munganga atapima hatari pamoja naye. Kwa hiyo umwambie mchanjaji hali yako kabla ya kutoa mkono, usifiche. Na mwenye mimba akishikwa na ndui ya nyani, afike hospitalini upesi, maana inaweza kuua mtoto tumboni.

"Si ni ulozi? Jirani alinitazama vibaya, kisha mtoto akatoka vipele."
Virusi havihitaji jicho la jirani. Vinahitaji mguso, nguo, kitanda, nyama ya pori mbichi. Ukimfukuza jirani, virusi vinabaki nyumbani mwako. Vilevile usimtukane mama wala binti kwa sababu vipele vimetoka sehemu za siri. Ukimwaibisha atajificha, na akijificha ataambukiza nyumba nzima.

9. MAMBO 8 YA KUFANYA NYUMBANI

1. Ukiona moto na vipele, nenda kituo cha afya siku ile ile. Usingoje vipele vijae.

2. Mgonjwa alale peke yake, ao mbali na wengine kama nyumba ni ndogo. Atengwe mpaka magaga yote yaanguke na ngozi mpya itoke. Kwa kawaida ni wiki 2 mpaka 4.

3. Mtu mmoja amwuguze, kama inawezekana mwenye kovu la ndui. Anawe mikono kwa sabuni kila mara. Sahani, shuka na nguo za mgonjwa zioshwe mbali na za wengine.

4. Mpe maji, uji, supu, sombe laini yenye mafuta ya mawese. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto ambaye kinywa kinamwuma atakataa, lakini usichoke na kijiko.

5. Usitoboe vipele. Mkate mtoto kucha. Osha ngozi kwa maji safi na sabuni.

6. Usitie majani, mafuta ao maziwa katika jicho. Kipele karibu na jicho ni sababu ya kwenda hospitalini usiku uleule.

7. Usiokote mnyama aliyekufa msituni, na usiwape watoto kindi ao panya wa kuchezea. Nyama ya pori iive mpaka ndani. Anayepasua nyama anawe mikono.

8. Tazama karte ya mtoto. Kama amefika miezi 9 na hajachanjwa surua, mlete. Kumbuka mtoto wa Basankusu. Tangu 2019 mpaka Agosti 2020 surua iliua watoto zaidi ya 7,000 katika nchi yetu, na chanjo yake ilikuwa inajulikana kwa miaka mingi. Hiyo haitoki Ulaya kila mara kuna hatari, iko katika kliniki zetu, na haikudai franga.

10. MWISHO

Ndugu msomaji, nimekuambia habari mbaya na njema pamoja, maana ndivyo zilivyo. Wagonjwa wamepunguka. Chanjo ipo, ingawa ni chache, na imefika kwa jirani zetu. Tunda imetuonyesha kwamba utunzaji mwema unaokoa watu hata pasipo dawa. Haya yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba watoto wetu hawana kovu, na msitu uko karibu.

Jumapili iliyopita nilivuka kwenda Alunguli kumsalimu mama yangu. Mjukuu wake alishika kovu lile akauliza, "Koko, nani alikuuma hapa?" Mama akamweleza kwamba ni waganga waliopita kijijini, na kwamba watoto walikimbilia msituni, naye alikimbia pamoja nao, mpaka baba yake akamfuata akamrudisha kwa kumshika sikio. Tulicheka wote. Halafu mama akasema: "Wale wenzangu ambao hawakurudishwa, wengine hawakuzeeka."

Kesho asubuhi ufungue karte za watoto wako, utazame ni chanjo gani imekosekana. Na mtoto wa jirani akitoka vipele, uende pamoja na mama yake hospitalini, asiende peke yake.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Katika nyumba yako, nani ana kovu la ndui, na nani hana?
2. Eleza alama tatu zinazotenga ndui ya nyani na tetekuwanga.
3. Kwa nini wagonjwa wengi wa Tunda na Kole waliishi, hata wale wasiopewa dawa?
4. Katika mtaa wenu, ni maneno gani yanazuia watu kuchanjwa? Nani anaweza kuyajibu, na lini?